Teksi huishia Darajani: Kufika Mji Mkongwe usiku mkiwa na watoto

Saa tano kasorobo usiku, teksi iliyotoka uwanja wa ndege inasimama Darajani, Unguja. Dereva anafungua buti na kusema, "Haya, mmefika."

Mama anatazama huku na huko. Haoni nyumba ya wageni. Anachokiona ni maduka yaliyofungwa na kichochoro kinachoingia gizani katikati ya kuta ndefu. Mtoto mdogo amemlalia begani, mkubwa anadai maji, na baba ana mabegi matatu na simu iliyobakiwa na chaji asilimia sita.

Dereva hajawadanganya. Njia nyingi za ndani ya Mji Mkongwe ni nyembamba mno kwa gari. Hata pikipiki ikipita, mwenye miguu hujibana ukutani. Gari humfikisha mgeni pembezoni tu, kama vile Darajani, Malindi, Forodhani au Vuga. Kipande kilichobaki ni cha miguu.

Jina la Darajani lenyewe lina kisa chake. Zamani mkono wa bahari uliingia upande wa mashariki wa mji na kuutenga na mitaa ya pili, ndiyo maana mitaa hiyo ikaitwa Ng'ambo. Watu walivuka kwa daraja. Katika karne ya 20 mkono huo ulifukiwa, na leo magari hupita pale palipokuwa na maji. Lakini mgeni anayefika usiku bado huteremka palepale na kuanza safari nyingine. Mambo ni hayo hayo Venice, Italia, mji wa mifereji: magari huishia Piazzale Roma, kisha ni boti au miguu.

Kutoka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hadi mjini ni kilomita zisizofika 10. Kinachowatoa jasho wazazi ni zile hatua mia mbili tatu za mwisho, nazo ndizo za kupangwa mapema kuliko zote.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mzazi ampigie simu mwenyeji na kumuuliza mambo matatu. Gari litatuacha wapi? Nani atakuja kutupokea hapo? Mlango wa chini hufungwa saa ngapi? Nyumba nyingi ndogo za wageni hufunga mlango usiku na mlinzi akajipumzisha ndani. Asiyetarajiwa anaweza kugonga kwa muda mrefu.

Majibu yaandikwe kwenye karatasi, pamoja na namba ya simu, jina la mtaa na alama iliyo karibu. Ramani ya simu husaidia, lakini katikati ya kuta zile mara nyingi huonyesha kuwa mko kichochoro cha pili. Wenyeji huelekezana kwa mitaa na majengo: Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo, Kanisa la Minara Miwili, Ngome Kongwe. Mtoto anayejua kusoma apewe nakala yake mfukoni.

Nauli ya teksi ipatanwe kabla mabegi hayajapakiwa. Mkishuka, huenda akatokea kijana wa kujitolea kuwaongoza, wale ambao Unguja huitwa papasi. Wapo wanaotafuta riziki kwa uaminifu, na wapo watakaowaambia hoteli yenu imejaa ili wawapeleke kwingine. Jibu la upole linatosha: "Ahsante, tuna mwenyeji wetu anakuja."

Wakati wa kutembea, mzazi mmoja atangulie, mwingine awe nyuma, watoto wawe kati. Katika vichochoro vyenye kona kila baada ya hatua chache, mtoto aliyebaki nyuma kufunga kamba ya kiatu hupotea machoni mara moja.

Mkipotea, msizidi kuingia ndani. Rudini kwenye mwanga na watu, Darajani au Forodhani. Mkiwakuta wazee kwenye baraza, salimieni kwanza, ndipo muulize njia. Swali lililotanguliwa na "Asalaam aleikum" au "shikamoo" hupokelewa vizuri, na mara nyingine mtu huinuka mwenyewe kuwasindikiza. Pia ni vyema kujua kuwa kuna kituo cha polisi Malindi, na kwa mtoto aliyezidiwa iko Hospitali ya Mnazi Mmoja, kusini mwa Mji Mkongwe.

Jambo la mwisho ni ngazi. Nyumba za kale zina ghorofa, na ngazi zake mara nyingi ni za mwinuko mkali. Mwenye mtoto anayetambaa au bibi mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini siku ya kuweka nafasi, si usiku wa kufika.

Pale Darajani, baba anatumia chaji iliyobaki kupiga simu moja tu. Baada ya dakika tano kijana wa nyumba ya wageni anatokeza, anasalimia, anajitwisha begi zito na kutangulia. Wanakata kona tatu na mlango huo hapo. Walikuwa wamesimama jirani kabisa nao, ila kwa peke yao wasingeuona usiku ule. Na kama simu ingezimika dakika chache mapema, namba ya mwenyeji ingezimika nayo, kwa kuwa hawakuwa wameiandika popote pengine.