Mathree Yako Inakohoa Asubuhi? Soma Moshi Kwanza Kabla Uuziwe Nozo

Kama unaendesha HiAce ya dizeli ya kitambo, zile za injini ya 2L, 3L ama 5L, hii stori unaijua. Saa kumi na moja alfajiri unapiga stata, injini inazunguka tu. Mara ya tatu inashika, lakini inatetemeka kama msee wa malaria na kutoa moshi mweupe mpaka majirani wanafunga madirisha. Dakika mbili baadaye imetulia, na mchana wote inawaka ukigusa tu ufunguo. Kesho, drama ni ileile.

Noma ni kwamba ukifika gereji saa nne, ndae ishapata moto na haina ugonjwa wowote. Fundi anabaki kukisia: "Hiyo ni nozo, buda." Unatoa ganji ya nozo nne, na jioni mwenye gari bado anataka hesabu yake. Kesho asubuhi moshi uko palepale. Kwa hivyo kazi ya kupima ni yako, juu wewe ndio uko hapo injini ikiwa baridi.

Dizeli huwaka aje?

Gari ya petroli iko na plagi za kurusha cheche. Dizeli haina. Pistoni inakandamiza hewa, na kwa hizi injini za L inakandamizwa karibu mara 22, mpaka inakuwa moto sana. Nozo inanyunyiza dizeli ndani ya hiyo joto, inalipuka. Basi.

Sasa Julai ikifika, na usiku wa Nairobi ukishuka mpaka karibu digrii 10, na Limuru ni mbaya zaidi, chuma yote imeganda. Hewa ikikandamizwa, joto lake linaibwa na hiyo chuma. Ndio maana kila silinda iko na hita plagi, kapini kadogo kanakowaka nyekundu kwa sekunde kadhaa kupasha moto kabla upige stata. Injini ikishashika moto, hita haina kazi kubwa. Ndio sababu mchana huoni shida.

Kwa ufupi, dizeli ikilala baridi inataka vitu vinne: joto, spidi ya kuzunguka, mafuta na kompresheni. Kimoja kikikosekana, unateseka.

Cheki moshi

Mwambie konda asimame nyuma karibu na egzosi wakati unapiga stata.

Moshi mweupe wa kuwasha macho, unaonuka dizeli mbichi: mafuta yanafika lakini hayachomeki. Shuku hita kwanza, kompresheni baadaye.

Hakuna moshi hata kidogo: mafuta hayafiki. Wachana na hita, fuata laini ya mafuta.

Moshi mweusi hata injini ikiwa moto: mafuta ni mengi kushinda hewa. Cheki filta ya hewa, kisha hapo ndio nozo inaingia kwa stori.

Moshi mweupe usioisha hata baada ya kupata moto, na maji ya rejeta yanapungua: hiyo ni dalili ya hedi gasketi. Usiende safari nayo.

Anza na ya bei ya chini

Moja, betri. Dizeli lazima izungushwe kwa nguvu. Betri iliyojaa husoma kama volti 12.6 ikiwa imepumzika. Ukipiga stata na isome chini ya 9.6 hivi, betri imechoka ama stata inakula moto mob. Kabla ununue mpya, safisha vichwa vya betri na ukaze waya wa athi. Hiyo ni kazi ya bure.

Mbili, hita. Wengi huamini kwamba taa ya hita ikizima kwa dashibodi, basi hita zimefanya kazi. Zii. Kwa hizi za kitambo hiyo taa inahesabu tu muda. Hita zote nne zinaweza kuwa zimekufa na bado taa inawaka na kuzima vizuri. Toa ule ubapa wa chuma unaounganisha hita zote. Chukua taa ya kupimia, funga klipu yake kwa chanya ya betri, gusa kichwa cha kila hita. Taa ikiwaka, waya ya ndani iko sawa. Isipowaka, hiyo imededi. Ukiwa na mita, hita nzima husoma chini ya ohm 2. Kama zote nne ziko fiti, pima kama moto unafika kwa huo ubapa ukiwasha ufunguo. Usipofika, shida ni relei ama fyuzi.

Hita moja ama mbili zikifa, gari itawaka lakini itatetemeka mpaka ipate joto. Ukienda Kirinyaga Road kutafuta, beba ile ya zamani mkononi. Kuna za volti tofauti, na ukiweka isiyo yake inaungua haraka.

Tatu, hewa kwa mafuta. Paipu ikipasuka kidogo ama mpira wa filta ukikauka, usiku dizeli inarudi tangi na hewa inaingia. Asubuhi, kabla ugusa ufunguo, piga ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu. Gari ikiwaka mara moja, umepata jibu: kuna mahali inavuta hewa. Fuata paipu moja moja. Pia mwaga maji yaliyokaa chini ya filta.

Nne, kompresheni na nozo. Hizi ni za mwisho. Fundi akupimie kompresheni na geji. Injini nzima ya hii aina husoma karibu bar 30. Ikishuka mpaka 20, imechoka, na nozo mpya hazitaiokoa. Nozo nazo zipimwe kwa mashini kabla zibadilishwe.

Usifanye hivi

Usinusishe injini petroli kwa kitambaa ama spray. Hita ikiwa moto, inaweza kulipukia hapo kwa paipu ya hewa ama ivunje pistoni. Pia usinunue dizeli ya mtungi juu ni ya bei poa. Ikiwa imechanganywa na mafuta taa, jua pampu yako hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta taa hailainishi vizuri. Inaisha polepole mpaka siku moja inagoma.

Na kama yako ni D-4D, betri na hita bado ni zako kupima, lakini paipu za nozo usiwahi fungua injini ikinguruma. Presha yake hutoboa ngozi. Hiyo peleka kwa msee ako na mashini ya kusoma kompyuta.

Ukienda gereji, usiseme "gari inasumbua." Sema: "Asubuhi moshi ni mweupe, betri ni 12.6, hita ya silinda ya tatu imededi." Fundi akishajua umepima, bei ya kukisia inaisha.