Aliyefichwa arudishiwe jina lake

Mtoto anayewindwa kwa sababu ya kabila au dini yake huponzwa kwanza na mambo mawili: jina lake na ulimi wake. Kuta za nyumba zaweza kumsitiri asionekane, lakini siku atakapoulizwa, “Wewe ni mtoto wa nani?” kuta hazitamjibia. Ndiyo maana katika Vita vya Pili vya Dunia, Wanazi walipokuwa wakiwasaka Wayahudi Ulaya nzima, wengi wa wale waliojitolea kuwaficha watoto walianza kwa kuwapa majina mapya, wakawafunza sala za Kikristo na kuwaonya wasitamke hata neno moja la lugha ya nyumbani. Watoto zaidi ya milioni moja wa Kiyahudi waliangamia katika vita hivyo. Miongoni mwa waliopona wamo wengi walioponyeshwa na jina la kukopa.

Jambo hili ni la kale. Katika Biblia, kitabu cha Waamuzi, mlango wa 12, watu wa Gileadi waliviteka vivuko vya mto Yordani, wakamtaka kila apitaye atamke neno “Shibolethi”. Waefraimu walisema “Sibolethi”, na kwa ajili ya sauti moja tu wakachinjwa. Sisi wanaisimu hulieleza jambo kama hilo darasani kwa utulivu mkubwa. Husema kwamba mzungumzaji wa Kijaluo huenda akatamka /sh/ kama /s/ kwa kuwa lugha yake haina sauti hiyo, na kwamba mzungumzaji wa Kikuyu huenda akachanganya /l/ na /r/ kwa sababu iyo hiyo. Wanafunzi hucheka, kisha huandika. Lakini kile ambacho darasani ni maelezo ya fonolojia, penye kizuizi cha barabarani huwa hukumu ya kifo.

Natamani walimu wenzangu na wanafunzi wao watafakari habari za watoto wawili wa Kiyahudi waliozaliwa mwaka mmoja, 1932, wakiachana kwa wiki chache tu.

Wa kwanza ni Saul Friedländer, aliyezaliwa Prague akaitwa Pavel. Wazazi wake walikimbilia Ufaransa, na huko akaitwa Paul. Hatari ilipozidi mwaka 1942, walimpeleka katika shule ya bweni ya Kikatoliki mjini Montluçon, akabatizwa na kuitwa Paul-Henri Ferland. Wao wenyewe walijaribu kuingia Uswisi, wakarudishwa mpakani, kisha wakapelekwa Auschwitz. Hawakurudi. Mtoto yule alilelewa katika imani mpya, akaishika kwa moyo wote hata akakusudia kuwa padri. Vita vilipokwisha, padri mmoja Mjesuiti ndiye aliyemketisha akamweleza Auschwitz ilikuwa nini na Wayahudi walitendwa nini. Padri huyo angeweza kunyamaza, na Kanisa likajipatia mtumishi. Badala yake alimrudishia kijana asili yake. Friedländer alikuja kuwa mwanahistoria mkubwa wa maangamizi hayo, na mwaka 2008 akatunukiwa Tuzo ya Pulitzer.

Wa pili ni Stefanie Zweig, ambaye maisha yake yanatuhusu kwa karibu zaidi. Alizaliwa Leobschütz, katika Ujerumani ya wakati huo. Baba yake alikuwa wakili aliyenyimwa kazi na sheria za Kinazi. Mwaka 1938 familia hiyo ilihamia Kenya, na baba akawa msimamizi wa shamba Rongai, kisha Ol Joro Orok. Vita vilipozuka mwaka 1939 Waingereza walimtia baba huyo kizuizini kwa kuwa alikuwa raia wa nchi adui, ingawa nchi hiyo ndiyo iliyomfukuza. Jamaa wa karibu waliobaki kule waliuawa. Stefanie alipona, na jina lake likapona pamoja naye. Hakubadilishwa kuwa mtu mwingine. Aliongezewa tu lugha: Kiswahili alichokipata jikoni na shambani. Katika riwaya aliyoiandika mwaka 1995 kutokana na maisha hayo, rafiki mkubwa wa mtoto ni mpishi aitwaye Owuor. Msomaji wa Kondele hahitaji kuambiwa jina hilo limetoka wapi: ndilo tumpalo mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku wa manane.

Tusiipambe habari hii kupita kiasi. Nchi iliyompokea mtoto huyo ilikuwa koloni, na wanaume Waafrika waliofanya kazi katika mashamba kama yale walilazimishwa kubeba kipande popote waendapo. Mwenyeji hakuwa huru nyumbani kwake. Hata hivyo, asiye na uhuru alimpa mgeni lugha, wala hakumdai jina lake. Huo ni uungwana ambao serikali nyingi za wakati ule hazikuwa nao.

Tofauti ya watoto hawa ndiyo hoja yangu. Kumficha mtoto kwa jina la kukopa ni tendo la ushujaa, lakini ni mkopo, na mkopo una siku ya kulipwa. Ufaransa iligawanyika juu ya ndugu wawili, Robert na Gérald Finaly, ambao wazazi wao walipelekwa Auschwitz mwaka 1944. Mama aliyewalea aliwabatiza mwaka 1948, akakataa kumkabidhi shangazi yao. Watoto wakavushwa kwa siri hadi Uhispania, na hawakurudishwa kwa jamaa zao hadi mwaka 1953. Aliyewaokoa alikuwa amesahau kwamba mtoto aliyeokolewa si mali ya mwokozi.

Nasi je? Machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu 1,133 kwa hesabu ya Tume ya Waki. Hapa Kisumu wengi walikufa kwa risasi za polisi, na wakati huo huo majirani waliokuwa na majina ya jamii nyingine walichomewa nyumba na maduka, wakakimbilia kituo cha polisi. Kutoka Naivasha na Nakuru wakaja wenzetu waliofukuzwa kwa sababu ya majina yanayoanza kwa O na A. Katika miji yote hiyo wako watu waliowafungia watoto wa jirani chumba cha ndani na kuwaambia, “Ukiulizwa, jina lako ni hili.” Njoki akawa Akinyi kwa juma moja. Kwingineko Akinyi akawa Njoki.

Watoto hao sasa ni watu wazima. Baadhi yao ni walimu, na wengine huenda wanaisoma safu hii. Wengi hawajawahi kuulizwa habari zao, kwa maana tumekubaliana kimyakimya kwamba amani ni kutoyataja. Sikubaliani na mapatano hayo. Mtoto aliyefunzwa kulionea jina lake hofu, asipoambiwa kwamba hatari imepita, hulionea hofu maisha yake yote, kisha huirithisha.

Basi mwalimu na aanzie penye daftari la mahudhurio. Alitamke kila jina kama linavyotamkwa kwa wenyewe, na asimruhusu yeyote kucheka lafudhi ya mwenzake. Mwanafunzi na amuulize mzazi wake: mwaka 2008 tulimficha nani, na nani alituficha sisi? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kondele itakuwa imepona siku ambayo mtoto wa yeyote ataweza kusimama pale penye mzunguko wa barabara, akaulizwa jina lake, akalitaja kwa sauti kamili.