Adui wa Kuku Wako Analala Bandani

Ndugu msomaji, una kuku wangapi nyumbani kwako? Labda una watano. Labda una kumi. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, kutoka Machame na Kibosho mpaka Marangu na Mwika, wengi wetu tuna kuku wachache kihambani. Wengine, hasa vijana wa Moshi mjini, wanafuga njiwa.

Kihamba ni kidogo, na mahitaji ya nyumbani ni mengi. Kahawa ina msimu wake, lakini kuku huuzwa siku yoyote. Chumvi, sabuni na madaftari ya watoto mara nyingi hutoka kwa kuku wa mama. Kuku wakipotea, madaftari nayo yanapotea.

Leo tuzungumze juu ya mdudu mdogo anayekula mali hiyo usiku, wakati sisi tumelala. Mdudu huyo ni utitiri.

KOSA SI LA KUKU

Tuseme kuku wako ameatamia mayai 12. Unajua kwamba baada ya siku 21 utapata vifaranga. Siku za kwanza kuku ametulia vizuri. Halafu unaona anainuka mara kwa mara. Anajidonoa. Anajikuna. Siku moja anatoka katika kiota na harudi tena. Mayai yanapoa, yanaoza.

Watu husema, "Kuku huyu ni mbaya, hajui kulea." Wanamchinja. Kuku wa pili anaatamia katika kiota kile kile. Naye anakimbia. Je, kuku wote wawili ni wabaya?

Kosa si la kuku. Kuku amekimbia kwa sababu ananyonywa damu.

Ziko dalili nyingine. Upanga wa kuku kichwani unapauka, hauna tena wekundu wake. Kuku anakonda, ingawa anakula. Anapunguza kutaga. Jioni anakataa kuingia bandani, anataka kulala juu ya mti. Vifaranga wadogo, na makinda ya njiwa ambayo hayawezi kuruka, hufa kwa kuishiwa damu. Nawe mwenyewe ukiokota mayai unawashwa mikononi. Utitiri hukuuma na kukuwasha, lakini hawezi kuishi juu ya mwili wa mtu.

UTITIRI NI MDUDU GANI?

Utitiri ni mdogo sana. Urefu wake haufiki milimita 1. Akikomaa ana miguu 8, kama kupe. Akiwa na njaa ana rangi ya kijivu. Akishiba damu anakuwa mwekundu.

Ziko aina mbalimbali. Aina moja hukaa juu ya ndege mchana na usiku. Lakini aina inayotusumbua sana bandani ina tabia ya mwizi. Mchana anajificha. Anakaa katika nyufa za mbao, chini ya vichanja vya kulalia kuku, na ndani ya majani ya kiota. Usiku anatoka, anapanda juu ya kuku, anakunywa damu, kisha anarudi kwenye ufa wake.

Ndiyo maana watu wengi hawamwoni. Wanamshika kuku mchana, wanamkagua, wanasema, "Huyu hana kitu." Ni kweli, wakati huo hana kitu. Adui amelala bandani.

HESABU YA SIKU 7

Utitiri jike akishiba damu hutaga mayai katika nyufa. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 au 3. Mahali penye joto, mtoto huyo hukua na kuanza kutaga mwenyewe baada ya siku kama 7 tu.

Sasa tufanye hesabu. Kuku huatamia siku 21. Gawanya 21 kwa 7, unapata 3. Maana yake, kuku akiatamia mara moja, utitiri wanaweza kupata vizazi 3 chini yake. Walioanza wachache wanakuwa wengi kama vumbi. Njiwa naye huatamia siku kama 18, basi hatari ni ile ile.

Huku juu mlimani, miezi ya Juni na Julai ni ya baridi. Utitiri huzaliana polepole. Lakini usidhani wamekufa. Mahali penye ubaridi utitiri anaweza kukaa miezi mingi bila kula. Kwa hiyo, kuliacha banda tupu kwa mwezi mmoja hakutoshi. Ukileta kuku wapya watawakuta wenyeji wanawangoja.

WATAFUTE USIKU

Ukitaka kujua kama unao, fanya hivi. Jioni weka kitambaa cheupe au karatasi nyeupe chini ya kichanja au kando ya kiota. Saa 4 usiku nenda na tochi. Angalia kitambaa, angalia kichanja kwa chini, angalia miguu ya kuku. Ukiona vidoa vidogo vinavyotembea, viponde kwa kidole juu ya karatasi. Vikiacha alama nyekundu ya damu, umempata mwizi wako.

SAFISHA BANDA MARA 3

Kumtibu kuku peke yake na kuliacha banda ni kama kuteka maji kwa pakacha. Anza na banda. Fanya kazi hii asubuhi, siku ya jua.

1. Toa kuku wote nje. Toa majani yote ya viota na takataka zote za sakafuni. Zichome moto mbali na banda na mbali na nyumba.

2. Toa vichanja na masanduku ya kutagia. Vikwangue, kisha vimwagie maji yanayochemka na sabuni. Mwaga zaidi kwenye nyufa na kwenye maungio ya mbao. Vianike juani mpaka vikauke kabisa.

3. Osha kuta kwa maji ya moto. Ziba nyufa kwa udongo. Ukipata chokaa, paka kuta zote.

4. Weka majani mapya makavu katika viota. Usirudishe ya zamani.

5. Rudia kazi hii baada ya siku 7. Kisha rudia tena baada ya siku 7 nyingine.

Kwa nini urudie? Kwa sababu mayai yaliyojificha ndani ya nyufa yataanguliwa baada ya usafi wa kwanza. Ukirudi siku ya 7 utawakuta watoto hao kabla hawajazidi. Mtu anayesafisha mara moja tu na kupumzika atawaona tena baada ya wiki chache, naye atasema dawa haifai.

Kama kuku anaatamia sasa, usingoje amalize. Mtengenezee kiota kipya chenye majani safi. Jioni hamisha mayai na kuku mwenyewe kwa upole.

ANGALIA DAWA

Maduka ya dawa za mifugo huuza dawa ya unga ya kuua utitiri wa kuku. Mwulize bwana mifugo au bibi mifugo wa kata yako ni ipi inayofaa. Unga hupakwa chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya haja, na hunyunyizwa katika nyufa. Soma karatasi ya dawa. Sasa unajua kusoma, basi itumie elimu yako hapa. Tafuta sehemu inayosema ukae siku ngapi kabla ya kula mayai au nyama.

Usitumie dawa ya kahawa kwa kuku. Usitumie dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia. Sumu inaweza kuua kuku, na inaweza kuingia katika yai analokula mtoto wako.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2017, huko Uholanzi na Ubelgiji, mabanda ya kuku yalipuliziwa dawa ya utitiri iliyochanganywa na sumu iitwayo fipronili. Sheria za huko haziruhusu sumu hiyo kwa mnyama anayeliwa. Sumu ilionekana ndani ya mayai. Mayai mamilioni yaliharibiwa, na mashamba zaidi ya 100 yalifungwa kwa muda. Wale ni wafugaji wakubwa wenye mitambo. Hata hivyo, utitiri aliwasumbua, na dawa isiyoruhusiwa iliwatia hasara kubwa kuliko utitiri mwenyewe.

MIGUU YENYE MAGAMBA

Yuko ndugu mwingine wa utitiri. Huyu hachimbi mbao, huchimba miguu. Huingia chini ya magamba ya mguu wa kuku na kukaa humo humo. Magamba huinuka, mguu unakuwa mnene na wenye ukoko mweupe. Kuku huchechemea. Asipotibiwa anaweza kuwa kilema.

Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni. Isugue polepole kwa brashi laini. Usibandue magamba kwa nguvu. Kausha, kisha paka mafuta ya kula au mafuta mazito ya kujipaka. Mafuta humziba mdudu pumzi. Rudia mara 2 kwa wiki mpaka magamba yalale tena. Usipake mafuta ya taa matupu, yataunguza ngozi.

KINGA NI BORA

Ukinunua kuku au njiwa sokoni, usimwingize bandani siku hiyo hiyo. Mweke peke yake wiki 2 na umkague. Viota vya shomoro ndani ya paa la banda vitoe, maana ndege wa porini nao huleta utitiri. Wawekee kuku shimo lenye udongo mkavu na jivu ili waoge. Kuku wanaolala jikoni au zizini wajengewe banda lao. Vichanja visiguse ukuta. Na kumbuka kwamba chanjo ya kideri haizuii utitiri. Kila kazi ina siku yake.

Ndugu msomaji, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji maji ya moto, jua, na kurudia bila kuchoka. Leo usiku chukua tochi, ukaangalie.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini hatumwoni utitiri mchana juu ya kuku?

2. Kwa nini tunasafisha banda mara 3 na si mara 1?

3. Jirani yako anataka kupulizia kuku dawa ya kahawa. Utamwambia nini?

4. Kama wewe umesafisha banda na jirani hajasafisha, mtasaidiana namna gani?