Mashindano ya Farasi Yanayoamuliwa na Daktari wa Mifugo

Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza katika mashindano ya safari za farasi huko Marekani huuliza kwanza kama farasi wake ana mbio. Swali hilo linafaa mashindano mengine, kama Tevis Cup ya California iliyoanza 1955: maili 100 za milima ndani ya saa 24, na anayetangulia kumaliza ndiye mshindi, mradi farasi wake apasishwe na madaktari. Haya ninayoyaeleza, yanayosimamiwa na North American Trail Ride Conference tangu 1961, hayamjui wa kwanza kufika. Safari imewekewa muda wa chini na wa juu. Ukifika mapema mno unakatwa alama, na ukichelewa vilevile.

Fika kambini siku moja kabla, maana kazi huanza kwa ukaguzi. Daktari wa mifugo, ambaye ndiye mwamuzi wa farasi, humpapasa mgongo na miguu, hutazama ufizi, husikiliza utumbo ubavuni, kisha hukuagiza umkimbize kwa mwendo wa matiti, ukiwa chini umeshika kamba, moja kwa moja na kwa kuzunguka kulia na kushoto. Mzoeze haya nyumbani. Farasi anayeburutwa humnyima daktari nafasi ya kuona kama anachechemea. Kila kovu na uvimbe huandikwa, usije ukahesabiwa kuwa umetokea njiani.

Mwamuzi wa pili anakupima wewe: unavyokaa, unavyoshika hatamu, unavyomtunza mnyama. Huyu huweza kupita hata usiku, tochi mkononi, akiangalia farasi waliofungwa kwenye trela. Kamba ikiwa ndefu mno mguu utanasa. Ikiwa fupi mno farasi hafikii nyasi wala maji. Na usitegemee saisi, kwa kuwa farasi wako unamhudumia mwenyewe.

Asubuhi mnaruhusiwa kwa kupishana, na hapo ndipo wageni wengi huharibu. Farasi akiwaona wenzake wanaondoka hupandwa na kiherehere, na mpandaji humwachia hatamu. Mtembeze mpaka misuli ipate joto. Kwa daraja la wanaoanza, wastani wa kilomita 6 hadi 8 kwa saa kwa kawaida unatosha: matiti kwenye tambarare, kutembea kwenye miteremko. Shoti huna haja nayo.

Njiani kuna vituo vya kupima mapigo ya moyo na pumzi. Farasi aliyetulia moyo wake hupiga takribani mara 28 hadi 44 kwa dakika. Akipanda mlima kwa matiti huweza kupita 120. Daktari hajali sana kiwango alichofika nacho. Anasubiri dakika kadhaa, mara nyingi 10, aone mapigo yameshuka kiasi gani. Yasiposhuka, kuna joto lisilotoka mwilini, upungufu wa maji, au maumivu ambayo mnyama hawezi kuyasema. Kwa hiyo ukifika legeza mkanda wa tandiko, mwelekeze kwenye upepo na mmwagie maji shingoni. Wewe mwenyewe tulia, kwani mpandaji anayehangaika humwongezea farasi mapigo.

Suala la maji lina mtego wake. Binadamu akitoka jasho, damu yake hubaki na chumvi nyingi zaidi, na chumvi hiyo ndiyo huamsha kiu. Jasho la farasi lina chumvi nyingi sana, hivyo maji na chumvi huondoka pamoja na ubongo haupati ishara ya kutosha. Kwenye joto kali anaweza kupoteza lita 10 au zaidi kwa saa na bado akapita kijito bila kuinamisha kichwa. Simama kila penye maji, umpe muda, na umwache atafune majani: chakula huufanya utumbo uendelee kufanya kazi, na utumbo uliosimama ndio mwanzo wa msokoto wa tumbo, ugonjwa unaoua farasi.

Katikati ya njia waamuzi hujitokeza na majaribio: fungua lango ukiwa juu ya farasi, mrudishe kinyumenyume kati ya magogo, panda kwenye mwinuko yeye akiwa ametulia. Hayahitaji ushujaa. Jaribio usiloliweza liache; alama chache si kitu mbele ya mguu uliovunjika. Kushuka ili upumzike unaruhusiwa, lakini huruhusiwi kusonga mbele kwa miguu yako. Na ukibakiwa na maili 2, farasi hapaswi tena kusimamishwa ili kupoteza muda, kwa hiyo saa uihesabu mapema.

Usimfute farasi ukadhani umemaliza. Ukaguzi wa mwisho hufanana na ule wa kwanza, ila safari hii vidole vya daktari hukaa zaidi mgongoni. Farasi akibonyea vinapopita, au akikutwa na mchubuko mahali pa mkanda, alama zinapotea hapo hapo, na mara nyingi chanzo ni tandiko lisilomkaa vizuri, ambalo lingeweza kubadilishwa wiki kadhaa kabla ya kujiandikisha.