Unapomuuguza Mkeo Ugenini

Tuseme wewe ni mfanyakazi wa Songea. Mkeo amepimwa, ikaonekana ana saratani ya mlango wa kizazi, nanyi mmeandikiwa barua ya kwenda Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 900. Mnashuka basi mkiwa na mkoba mmoja, bahasha ya majibu na fedha mlizochangiwa na ndugu. Barua hiyo itawafikisha katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, kando ya bahari, mahali ambapo Wajerumani walijenga hospitali katika miaka ya 1890.

Utaelezwa mengi hapo, lakini moja ulishike kuliko yote: tiba ya mionzi haikatizwi. Kwa kawaida mgonjwa wa namna hii hupigwa mionzi dakika chache kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa majuma kama matano. Huenda pia akatundikiwa dripu ya dawa mara moja kwa juma, kisha ikafuata mionzi ya ndani. Waganga hutaka yote yamalizike katika majuma manane. Siku zikirukwa, chembe za saratani zilizosalia hupata nafasi ya kuzaana upya, na tiba hupungua nguvu.

Basi mtihani huja katikati. Damu imekoma, maumivu yamepungua, naye anakuambia, "Baba Rehema, mimi nimepona, twende nyumbani." Mahindi yamekauka shambani, watoto wako kwa bibi yao, fedha zinakwisha, na huko Mbagala mlikofikia mke wa mpwa wako ameanza kununa. Tusimlaumu sana, chumba ni kimoja na watu ni sita. Hapo ndipo uuguzi wako unapoanza hasa. Usimkaripie mkeo. Keti naye, mhesabu siku zilizobaki, na umwombe mganga amweleze mwenyewe kwa nini nafuu siyo kupona.

Tena hesabu likizo yako mapema. Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28. Majuma manane ni siku 56. Kwa hiyo kabla ya kuondoka Songea, patana na shemeji yako aje kukupokea zamu. Mkifika hospitalini, mtafuteni afisa ustawi wa jamii siku za mwanzo, msingoje hadi mfuko uwe mtupu.

Kazi za kila siku si ngumu, ila zataka uangalifu. Alama za wino alizochorwa mwilini zisifutwe. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu bila dodoki, wala usimpake mafuta mahali pa mionzi kabla ya kuuliza. Shangazi zako wakicheka kuona mwanamume anamwogesha mkewe, waache wacheke. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, wali laini na ndizi mbivu. Maharage na pilipili viwekeni kando kwanza. Joto likifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, mrudishe hospitalini saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Dawa za dripu hupunguza chembe nyeupe za damu, na mwili hukosa askari wake.

Wapo watakaomtengea sahani na kikombe. Wakatalie. Saratani haiambukizi kwa kula pamoja, na mionzi ya mashine haibaki mwilini. Akitamani kulala karibu nawe, usihamie jamvini. Kuhusu tendo la ndoa, muulizeni mganga bila haya. Ni swali analolijua.

Siku ya mwisho mtapewa tarehe ya kurudi kuangaliwa. Tenga nauli yake kabla hamjapanda basi la Songea.