Kabla ya Kubisha Hodi, Tazama Madirisha

Mhusika mmoja wa Jane Austen hawezi kulikaribia jumba la tajiri bila kuhesabu madirisha. Ni Mchungaji Collins wa Pride and Prejudice, riwaya iliyotoka 1813. Anapowapeleka wageni wake Rosings, kwa Lady Catherine de Bourgh, anawahesabia madirisha ya upande wa mbele na kuwatajia vioo viligharimu kiasi gani vilipowekwa. Hapo awali alikwisha kujigamba kwamba pambo la meko katika sebule moja tu ya jumba hilo lilifikia pauni 800. Msomaji wa leo huona hizo ni porojo za mtu anayejikomba, akafunua ukurasa. Kujikomba kupo, lakini hesabu ile ilikuwa na maana ambayo wasomaji wa wakati wake waliidaka mara moja.

Tangu 1696 hadi 1851 Uingereza ilitoza kodi ya madirisha. Serikali ilitaka kila mtu alipe kwa kadiri ya mali yake bila kumuuliza kipato chake, maana swali hilo watu walilichukia. Madirisha yalikuwa nje, yakihesabika hata kutoka barabarani, na mwenye mengi alilipa zaidi. Basi tajiri aliyetaka kuonekana aliyaacha yote wazi, naye mwenye nyumba za kupangisha akayaziba kwa matofali ili kodi ipungue. Wapangaji wake ndio waliobaki katika vyumba vya giza visivyo na hewa, na madaktari wakapiga kelele miaka mingi juu ya maradhi yaliyozaliwa humo. Mwanga wa jua ulikuwa na bei. Mwandishi aliyelitaja dirisha alikuwa ameshagusia habari za fedha, hata kama hakutaja senti.

Ndiyo maana nawasihi wanaosoma riwaya za zama hizo wasianze na ukubwa wa nyumba. Ukubwa hutuambia kiasi cha fedha tu. Dirisha hutuambia fedha hiyo imemfanya nini mwenyewe: inamwezesha kuona nje, au inawazuia wengine kuona ndani?

Austen anaijua tofauti hiyo vizuri. Rosings tunaonyeshwa madirisha kwa nje, na bei yake. Elizabeth Bennet, mhusika mkuu wa riwaya hiyohiyo, anapofika Pemberley, nyumba ya Darcy mwenye kipato cha pauni 10,000 kwa mwaka, anaingia chumba kimoja baada ya kingine na kusogea dirishani, naye katika kila dirisha anaiona mandhari ileile ya kilima, mto na miti kutoka upande mwingine. Mtunza nyumba, aliyemjua Darcy tangu akiwa na miaka 4, anamsifu bwana wake bila kushurutishwa. Elizabeth alikuwa amemhukumu mtu huyo kwa kumtazama kutoka nje. Sasa yumo ndani ya nyumba yake, na dunia anaiona kutoka pale anapoionea Darcy.

Emily Brontë alilifanya dirisha kuwa mpaka wa tabaka. Katika Wuthering Heights ya 1847, nyumba yenye jina hilo iko juu, kwenye nyika za Yorkshire zinazopigwa na upepo, na madirisha yake membamba yamezama ndani ya ukuta mnene. Kule chini iko Thrushcross Grange ya akina Linton. Usiku mmoja watoto wawili, Catherine na Heathcliff, wanashuka kuchungulia dirishani kwa akina Linton. Wanaona zulia jekundu, taa ya vioo inayoning'inia, na watoto wa kitajiri wakilia kwa sababu ya kugombania mbwa mdogo. Mbwa wa ulinzi anamkamata Catherine mguu. Wenyeji wanamwingiza ndani, wanamwosha miguu, wanampa keki. Heathcliff, aliyeokotwa Liverpool akiwa hana wazazi, anafukuzwa. Anarudi palepale kwenye kioo, amekusudia kukivunjavunja iwapo mwenzake atataka kutoka. Catherine hakutaka kutoka.

Kwa maoni yangu riwaya nzima imo katika dakika hizo chache. Baadaye Heathcliff anazitwaa nyumba zote mbili, moja kwa rehani za mwenyewe aliyezama katika kamari, nyingine kwa ndoa aliyomlazimishia binti wa Catherine. Lakini kumiliki hakumfikishi ng'ambo ya kile kioo. Anakufa kitandani, dirisha liko wazi, mvua imemlowesha mwili mzima.

Mwaka huohuo wa 1847 dada yake Emily, Charlotte, alitoa Jane Eyre. Jane, yatima wa miaka 10, tunamkuta amejificha na kitabu chake kwenye kibaraza cha dirisha, nyuma ya pazia jekundu, katika nyumba ya jamaa wasiomtaka. Huko Thornfield, kwa Rochester, kipo chumba cha ghorofa ya tatu kisicho na dirisha hata moja. Ndimo alimofungiwa Bertha, mke aliyetoka Jamaica na mali ya pauni 30,000, mali iliyowafanya baba na kaka wa Rochester waipange ndoa ile. Fedha ilipokelewa, aliyeileta akafichwa. Jean Rhys, mzaliwa wa Dominica, aliona dhuluma hiyo na mwaka 1966 akampa mwanamke huyo sauti yake katika Wide Sargasso Sea. Ukikisoma kitabu hicho, huwezi tena kupanda ngazi za Thornfield kwa moyo uleule.

Aliyeichunguza nyumba iliyofungwa kwa undani zaidi ni Charles Dickens. Kodi ya madirisha alikuwa ameishambulia katika jarida lake kabla haijafutwa. Miaka tisa baadaye, Desemba 1860, akaanza kuchapisha Great Expectations, sura kwa sura kila wiki. Humo mna Satis House, nyumba ya Bi Havisham. Ni ya matofali ya kale, imejaa vyuma. Baadhi ya madirisha yamejengewa kabisa, na ya chini yaliyobaki yana nondo zenye kutu. Pip, mtoto aliyelelewa na mhunzi, anaongozwa na msichana mwenye mshumaa huku nje ni mchana. Ndani anakuta saa zimesimama saa tatu kasoro dakika 20, wakati ambapo Bi Havisham alipata barua ya bwana harusi kumwacha. Gauni la harusi lingali mwilini, limekuwa la manjano. Keki inaozea mezani, buibui wanaingia na kutoka.

Wengi husoma haya kama habari za moyo uliovunjika. Mimi nawaomba wautazame ua wa nyumba hiyo, penye kiwanda cha bia kilichonyamaza. Utajiri wa Bi Havisham ulitoka hapo, kwa baba yake, na ndio uliomvuta tapeli aliyejifanya mchumba. Utajiri huohuo ndio unaomruhusu kuomboleza miaka yote hiyo bila kuliona jua. Mtumishi akiachwa siku ya harusi, asubuhi yake anaamka kwenda kazini. Kusimamisha saa kunahitaji mtaji. Tena gharama halipi peke yake: Estella, mtoto wa kulea, anakuzwa katika giza hilo na kufunzwa kutopenda. Mwishoni nyumba inanadiwa kama vifaa vya ujenzi, na mnunuzi anaibomoa.

Msomaji aliyekulia Lamu awe na tahadhari hapa. Nyumba zetu za mawe za zamani nazo huupa uchochoro ukuta mtupu, na mwanga zikaupata kutoka ua wa ndani usio na paa. Hiyo ni stara, wala si kinyongo. Mgeni ana daka lake mlangoni na viti vya mawe vya kukalia. Kufunga peke yake si hoja. Lazima tuulize nyumba imefungwa kwa ajili ya nani.

Dickens mwenyewe analijibu swali hilo katika riwaya ileile. Wemmick, karani wa wakili, ana kijumba cha mbao huko Walworth, kidogo kuliko vyote alivyowahi kuona Pip. Madirisha yake mengi ni ya bandia. Amekichimbia handaki, na daraja lake ni ubao ambao huunyanyua mtu akishavuka. Kwa hesabu za Mchungaji Collins, hapo hapana kitu. Lakini ndani anaishi baba yake Wemmick, mzee asiyesikia, naye mwanawe amemtengenezea kifaa ukutani karibu na meko: Wemmick anaporudi kutoka kazini, kitu kinagonga, kibao kidogo kinafunguka chenyewe kikiwa na jina lake, John, na mzee anajua kijana wake amefika.