Michezo ya Watoto Wakati wa Likizo: Kwa Vijana Hiyo ni Kazi

Vikundi vingi tunavyotembelea vinajua shida ya likizo. Shule zikifungwa watoto wanazurura, na vijana waliomaliza masomo wanakaa tu pale dukani. Kwenye mikutano swali ni lile lile: tuwape kazi gani? Katika ukurasa huu tunaeleza kazi moja ambayo huko Marekani imewapa vijana wengi mshahara wao wa kwanza, yaani kuandaa michezo ya kuigiza pamoja na watoto wakati wa likizo ya kiangazi. Mambo yake mengine ni mazuri na mengine ni machungu, na yote yana funzo kwa kikundi.

Ilivyoanza

Kaskazini-magharibi mwa Marekani kuna jimbo la Montana. Ni kubwa sana, watu ni wachache na miji iko mbalimbali. Mwaka 1970 kijana kutoka Chicago, Jim Caron, alikuwa safarini kwenda harusini Oregon. Gari likaharibika karibu na mji wa Missoula. Alipokuwa akingoja litengenezwe, aliona tangazo kwamba waigizaji wanatafutwa. Akajaribu, akachukuliwa. Katika mchezo huo alikutana na Don Collins, na wawili hao wakaanzisha Missoula Children's Theatre, kikundi cha michezo ya watoto.

Mwanzoni watu wazima ndio waliowachezea watoto. Baadaye walitaka kupeleka mchezo wa Snow White mji wa Miles City, upande wa pili wa jimbo. Hadithi hiyo ina watu wafupi saba. Kusafirisha watu saba zaidi mwendo mrefu namna hiyo ni gharama, basi wakaamua kutafuta watoto wa huko huko. Nafasi zilikuwa saba tu, lakini watoto waliojitokeza walikuwa mamia! Ndipo walipoona kwamba watoto hawakutaka kutazama tu. Walitaka kucheza wenyewe.

Wiki moja inavyokwenda

Kutokana na hayo ukazaliwa mpango unaotumika mpaka leo katika majimbo yote 50. Vijana wawili wanafika mjini na pikapu nyekundu. Ndani yake mna kila kitu: mapazia ya jukwaa, taa, mavazi, vifaa na rangi za uso. Shule au kikundi cha mji kilichowaalika ndicho kinacholipa gharama na kutafuta ukumbi. Pia kinatafuta mpiga piano wa hapo mjini.

Jumatatu watoto wanajaribiwa, na 50 hadi 60 wanachukuliwa, kuanzia wadogo wa darasa la kwanza mpaka wale wakubwa wa sekondari. Wachache wanapewa kazi ya kuwasaidia viongozi. Mazoezi yanaanza siku hiyo hiyo na kuendelea kila siku. Kwa kawaida Jumamosi wazazi wanakuja kuona mchezo mzima. Baada ya hapo vijana wawili wanafungasha mizigo na kwenda mji mwingine.

Hebu fikirini kazi ya vijana hao wawili. Mmoja anaigiza pamoja na watoto na mwingine anaongoza. Wanasimamisha jukwaa na kulibomoa, wanaendesha gari, wanaongea na wazazi na kumtuliza mtoto anayelia kwa sababu hakupata sehemu aliyotaka. Wengi wao ndio kwanza wametoka chuoni. Kijana aliyefanya hivyo miji kumi amejifunza kupanga muda, kusema mbele ya watu na kusimamia kundi, na ujuzi huo unamfaa hata asipoigiza tena maishani.

Wale wasioonekana jukwaani

Mtazamaji anawapigia makofi waigizaji, lakini kuna vijana wengine nyuma yao: wabunifu, yaani wanaochora na kutengeneza mavazi na jukwaa. Kazi yao ina masharti magumu. Vazi la wiki hii litavaliwa na mtoto mnene, wiki ijayo na mwembamba. Kwa hiyo fundi anatumia lastiki, kamba za kufunga na utepe wa kunata, na anaacha pindo refu la kushusha. Nguo ifulike kila mara bila kuharibika. Mbao za jukwaa nazo zigawanyike vipande, ziingie garini, na watu wawili waweze kuzibeba.

Mbunifu mzuri basi haanzi na urembo. Anauliza kwanza: nani atavaa, nani atabeba, fedha ni kiasi gani? Kina mama wa vyama vya ushonaji wanaelewa jambo hili kuliko sisi.

Upande wenye uchungu

Sasa tusidanganyane. Huko Marekani si kila kijana wa michezo ya kiangazi amelipwa vizuri. Kwa miaka mingi baadhi ya makampuni ya kiangazi yaliwachukua vijana kama wanafunzi wa kazi. Walipiga misumari, walishona na kufagia kutoka asubuhi mpaka usiku bila mshahara, na wengine walilipa ada wenyewe. Waliambiwa wanapata ujuzi. Ni kweli walipata, lakini mtoto wa maskini angewezaje kufanya kazi miezi miwili bila malipo? Nafasi zikabaki kwa wenye wazazi wa kuwalisha.

Mwaka 2021 jambo hili lilitoka hadharani. Katika tamasha moja kubwa la kiangazi huko Massachusetts, mafundi wa sauti waliacha kazi kwa kuwa walikuwa wakifanya mazoezi nje wakati wa mvua, penye nyaya za umeme. Wengine waliowahi kufanya kazi hapo nao walilalamika juu ya saa nyingi na hatari. Tangu hapo swali la malipo na usalama limeulizwa kwa sauti kubwa zaidi.

Sisi tunasema hivi: kujitolea ni kuzuri, lakini kujitolea ni hiari ya mtu. Kijana akipewa saa za kufika, mkubwa wa kumtuma na adhabu akichelewa, huyo ni mfanyakazi. Apewe haki yake.

Kikundi kikitaka kujaribu

Likizo ya Agosti inatosha kwa jaribio dogo la wiki moja. Hamhitaji pikapu. Ukumbi wa kanisa au darasa, hadithi ya babu na nyanya zetu, leso na magunia vinatosha kuanzia. Ila kabla ya kuanza mkubaliane mambo haya na myaandike kwenye kitabu cha kikundi:

1. Vijana wangapi watafanya kazi, saa ngapi kwa siku, na watalipwa nini. Fedha ikiwa ndogo, mseme ukweli mapema. Chakula na nauli visikose.

2. Mtoto asiachwe na mtu mzima mmoja peke yake. Wawe wawili au zaidi, na kila mzazi atoe idhini.

3. Kila mtoto aliyekuja apate kitu cha kufanya, hata kama ni kupiga ngoma au kufungua pazia.

4. Mweka hazina asome hesabu ya kiingilio mbele ya wote, vijana wakiwemo.

5. Nguo na vifaa vitunzwe sandukuni kwa likizo ijayo.

Maswali ya kujadiliana

Katika kijiji chetu, ni vijana gani wana kipaji cha kushona, kuchora, kuimba au kuongoza watoto? Je, tumewahi kuwatumia vijana bure na kuita hiyo msaada? Na wiki hiyo ikifaulu, nani atafaidika kwanza: kikundi, watoto au wale vijana waliofanya kazi?

Mkimaliza kujadiliana, waiteni vijana wenyewe na mwasikilize kabla ya kupiga kura.